Mdhamini wa Bi Chausiku

Siku mpiga mbiu alipopita Mtambani, Hilari alikuwa kanisani akiwafundisha watoto Amri za Mungu, na ndiyo kwanza alikuwa amefika ya nne. Watoto walikuwa wakiitikia kwa pamoja, "Waheshimu baba na mama," mara nje likalia debe, likafuatwa na sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele.

"Sikieni! Sikieni! Jumamosi mganga Bwanaheri anaingia! Mkubwa kwa mdogo, mume kwa mke, mtanyolewa na mtakunywa dawa ya kufichua wachawi! Nyumba moja shilingi moja! Asiyekuja tumemjua!"

Kanisa lenyewe msidhani lilikuwa na mnara. Lilikuwa banda la fito na udongo, ndani kidogo ya barabara ya Kerege, lenye mabenchi machache na msalaba uliopakwa chokaa. Watoto wote waligeuza shingo mlangoni. Hilari akasema, "Tuendelee, ya tano," akaisahau ya tano. Alifungua Katekisimu aitafute, akafungua ukurasa mwingine kabisa, na mwishowe akawaambia waende nyumbani wakawasaidie mama zao.

Tuseme wazi tangu mapema, asije mtu akamdhania shujaa: mwalimu Hilari alikuwa mwoga. Aliogopa nyoka, alimwogopa bwana shauri wa serikali, aliogopa kusoma Injili mbele ya watu kwa sababu maneno marefu yalimkwama kooni. Kazi ya ualimu wa dini aliipata kwa kuwa aliyekuwa nayo alikufa na hapakuwa na mwingine ajuaye kusoma. Padri alimpa huku akiguna, na yeye Hilari aliipokea huku akijua kwamba mguno ule ulikuwa wa haki.

Na lile neno "tumemjua", kila mtu kijijini alijua linaelekea nyumba gani. Mama yake Hilari, Bi Chausiku, alikuwa mfinyanzi wa vyungu, na ufinyanzi wa kule una miiko yake. Mwanamke akienda shimoni kuchimba udongo hasalimu mtu wala haitikii salamu mpaka arudi na mzigo wake, maana akifungua kinywa vyungu vitapasuka motoni. Zamani wafinyanzi walikuwa wengi, na aliyekutana na mwanamke kimya njiani alijua kwamba huyo anakwenda udongoni. Sasa alibaki Bi Chausiku peke yake. Wengine walinunua sufuria za Mhindi Bagamoyo, na vijana walichokiona ni bibi kizee apitaye alfajiri na jembe begani, unamwamkia shikamoo, anakutazama tu. Masika yale homa iliwaua watoto wa kijiji mmoja baada ya mwingine. Mmojawapo alikuwa mjukuu wa Jumbe Mwinyimvua, na mama yake alikuwa amempakata mlangoni asubuhi ile Bi Chausiku alipopita bila kuitika. Wa mwisho alikuwa Agnesi, binti wa Hilari mwenyewe, aliyekuwa akishinda na bibi yake wakifinyanga vijungu vya kuchezea.

Tangu siku ya kumzika Agnesi, Hilari alikuwa na wazo ambalo hakumwambia mtu, si mkewe, wala Padri alipokwenda kuungama. Wazo lenyewe lilikuwa hili: je, kama ni kweli?

*

Kesho yake Eufrazia, mkewe, alirudi kutoka kisimani mapema mno.

"Leo hapakuwa na watu?" Hilari alimwuliza.

"Walijaa tele."

"Mbona umewahi hivi?"

"Wamenipisha." Aliutua mtungi chini polepole. "Wote. 'Tangulia, shoga, tangulia.' Na Mwaija naye, tuliyekuwa tukisukana nywele juzi tu. Nikachota. Kugeuka nyuma, naona wamekaa vile vile. Hakuna aliyetaka kuchota baada yangu. Nilipofika kwenye mihogo nikasikia wanateka ndoo wanamwaga, wanateka wanamwaga."

Bi Chausiku alikuwa nje ya jiko, akilainisha mdomo wa chungu kwa kigunzi kilicholowa. Alisikia, maana masikio yake yalikuwa mazima kuliko meno. Aliendelea kukizungusha chungu, akikitazama kama ndicho kitu pekee duniani kilichokuwa na haja naye.

Mchana akaja Tadei, mwenye nyumba ya pili kati ya zile chache za Wakristo wa Mtambani. Alipiga hodi, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo," akaitikiwa, "Milele, amina," kisha akakataa kukaa.

"Mwalimu, sisi tumekaa tukazungumza. Tumeonelea tutakunywa."

"Padri amekataza, Tadei. Mimi mwenyewe niliwasomea barua yake."

"Tumesikia, hatujakataa. Tutakunywa Jumamosi, halafu Padri akija tutaungama. Kuungama si kupo? Wewe ndiye uliyetufundisha." Tadei alikuwa akisugua kidole gumba cha mguu mchangani. "Lakini nyumba ikishachomwa moto, mwalimu, utakwenda kuungama kwa nani ikurudie? Usitukasirikie."

Hilari hakukasirika. Angekuwa mtu wa kweli angesema alichokuwa nacho moyoni, nacho kilikuwa wivu. Alimwonea wivu Tadei, ambaye mama yake alikufa zamani kifo cha kawaida, akazikwa, yakaisha.

*

Ijumaa alfajiri Hilari alishika njia ya Bagamoyo kwenda kumwona Padri. Jua lilikuwa kali alipofika misheni, vumbi limempanda mpaka magotini. Mpishi alimwambia asubiri barazani, tena asikanyage pale palipopigwa deki. Alisubiri amesimama, kofia mkononi, akipanga maneno.

Alikuwa na swali moja tu. Lilikuwa hili: Baba, mtu anayemwogopa mama yake mzazi, anaweza kuwafundisha watu kusali? Njiani alikuwa amelirudia mpaka akaliweza bila kukwama.

Padri alikuwa Mzungu mwenye ndevu nyingi na macho mekundu ya malaria. Alitoka akiwa ameshika chupa ya dawa ya kikohozi, kwa maana wagonjwa walikuwa wamejaa upande wa pili.

"Hilari! Habari za Mtambani?"

"Nzuri, Baba. Ila mganga anakuja kesho."

"Nimesikia. Nimemwandikia bwana shauri, hajajibu. Wakristo wasinywe. Atakayekunywa asikaribie Komunyo. Umewaambia?"

"Nimewaambia, Baba. Lakini watu wanamsema mama yangu. Wanaweza kumfanyia vibaya."

Padri aliiweka chupa chini. Hakuwa mtu mbaya, na uso wake uliingia huzuni ya kweli. "Masikini. Nitakuja Jumapili, mapema sitaweza, wagonjwa unawaona. Lazima usimame imara. Wao wanaongozwa na giza, lakini wewe umefundishwa. Au wewe mwenyewe, Hilari, unaamini mambo haya ya uchawi?"

Swali lilikuwa mlangoni kabisa, lingetoka lenyewe kama angefungua kinywa. Akafungua kinywa, akasema, "Hapana, Baba."

"Vizuri. Basi huna la kuogopa."

Padri akamwekea mkono kichwani, akambariki, akarudi kwa wagonjwa wake. Hilari alishuka ngazi za misheni akijua kwamba amemwambia padri uongo mchana kweupe. Njia nzima ya kurudi alikuwa akijisemea, "Huyo ndiye mwalimu wa dini, huyo!" na watu aliopishana nao walidhani anasali.

*

Jumbe Mwinyimvua alimwita kutoka barazani kwake, akamkaribisha mkekani, akamletea maji kwa mkono wake mwenyewe. Ukarimu ule ulimtia Hilari hofu kuliko matusi.

"Mwalimu, mimi na wewe tuongee kiutu uzima. Mama yako ataitwa jina kesho. Sikufichi."

"Ameshaambiwa huyo mganga?"

"Mganga anatazama kioo chake. Mimi sijui la kioo." Jumbe aliangalia pembeni. "Sasa sikiliza sheria yake. Mtu akiitwa jina, hanywi peke yake. Lazima apate mdhamini, mtu wa damu yake. Amshike mkono, aseme mbele ya watu wote, 'Huyu namjua, si mchawi,' halafu wanywe kata moja. Kama ni kweli, watapona. Kama ni uongo, dawa itawapasua wote wawili. Na asiyepata mdhamini, hapo mimi siwezi kuwazuia watu. Unajua yaliyotokea kule kwa wenzetu."

Hilari alijua. Bibi mmoja wa huko alivunjwa mkono na nyumba yake ikatiwa moto, naye siku hizi analala chini ya ghala la watu.

"Wewe dini yako haikuruhusu kunywa, sawa. Nami nakuheshimu. Hata mwalimu wa chuo cha Kurani amesema ni shirki, na kesho kapata safari ya ghafla ya Kaole." Jumbe alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Nawe pata safari. Mchukue mkeo mwende Bagamoyo. Mama yako si Mkristo, atakunywa. Nimekwisha mpelekea habari mpwa wake Ausi, yuko Kerege, atakuja kumsimamia. Jioni mkirudi, yamekwisha. Padri hana la kusema, na sisi hatuna la kusema."

"Na wewe, Jumbe, mjukuu wako…"

"Usimtaje mjukuu wangu." Jumbe alisimama. "Nimekupa njia, ichukue. Wengine walitaka nisikupe."

Hilari alishukuru. Alishukuru mara mbili, na aliondoka akijisikia mwepesi, na wepesi huo ulimtisha.

*

Walipokwisha kula jioni ile, aliieleza habari yote mbele ya mama yake na mkewe. Aliieleza akiitazama sahani. Bi Chausiku alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono kwa upindo wa kanga.

"Haya. Nitakunywa."

"Si lazima, mama," Hilari alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayetaka asikatizwe.

"Mimi si wa kanisa lako. Nimezaliwa Mwislamu, nitakufa Mwislamu, Mungu atanisamehe kwa hili kama anavyonisamehe mengi. Waninyoe nini? Nywele zenyewe nne." Alicheka peke yake. "Ila Ausi huyo, atakuja kweli? Ausi tangu utotoni mtu wa maneno."

"Jumbe amesema atakuja."

"Basi. Kama Jumbe amesema." Mama mzee alishika ukuta akainuka, akaenda chumbani kwake kulala.

Eufrazia alipanga sahani, akapanga tena zile zile, halafu akasema kwa sauti ya chini:

"Wewe unataka anywe."

"Nataka yaishe."

"Hutaki yaishe, baba Agnesi. Unataka kujua. Unataka yeye anywe ili uone kama atapasuka. Unataka kujua kama alimla mtoto wetu."

Hilari alitaka kusema, "Una wazimu!" Alitaka kukasirika, na hasira haikuja. Kilichokuja ni aibu, kwa sababu lile wazo alilolificha kwa kila mtu lilikuwa limetolewa nje na kuwekwa mkekani pamoja na mabaki ya chakula.

"Umejuaje?" aliuliza.

"Nimejuaje! Mwezi mzima mama yako anakuita, unaitika kwa mbali. Nani aliyemkanda Agnesi? Nani aliyemshikia kichwa akitapika? Mimi nilikuwa nimekwisha nguvu, wewe ulikuwa kanisani."

"Nilikuwa nasali."

"Ulikuwa unasali, sikulaumu. Na mimi wazo hilo lilinijia, usidhani mimi malaika. Lilinijia pale pale kaburini. Nikalifukuza. Likarudi, nikalifukuza tena. Wewe lako umelikaribisha likae." Eufrazia alikuwa analia bila sauti. "Mimi kesho siendi Bagamoyo. Nakwenda naye uwanjani. Wewe nenda na safari yako."

Hilari alipiga magoti kando ya kitanda akatafuta sala. Alianza Baba Yetu, akafika "utuopoe maovuni", akakwama, kwa maana hakujua tena ovu lenyewe liko wapi, kwenye chumba cha mama yake au ndani yake mwenyewe. Mwisho alisema tu, "Bwana, mimi sijui. Mimi naogopa." Alilala na hofu yake, akaamka nayo.

*

Uwanja wa Jumbe ulikuwa umefagiliwa kama siku ya harusi. Mganga Bwanaheri hakuwa na ngozi ya chui wala pembe. Alikuwa kijana mnene kiasi, mcheshi, kanzu nyeupe na koti, amekaa kwenye kiti cha Jumbe na kioo cha mkononi kama cha kinyozi. Wasaidizi wake walinyoa watu kwa wembe, nywele zikatupwa shimoni. Kisha kila mtu alipita kwenye pipa, akapewa kata ya maji meusi machungu, akanywa, akatema, akaenda upande wa pili akicheka. Vicheko vile vilikuwa vingi mno. Tadei alikuwa upande ule tayari, kichwa kinang'aa, na alipomwona Hilari akajificha nyuma ya mkewe.

Naam, Hilari alikuja. Asifikiri mtu kwamba alipata ujasiri. Alishindwa tu kwenda Bagamoyo. Alifika mpaka barabarani, miguu ikagoma, akarudi. Alisimama nyuma kabisa ya watu, akijiambia kwamba Ausi akishasimama na kusema maneno yake, yeye ataondoka kimya kimya.

Mganga alitazama kioo, akakipangusa, akatazama tena. "Namwona mwanamke," akasema kwa upole. "Anafanya kazi ya udongo."

Bi Chausiku hakungoja kuvutwa. Alikwenda mwenyewe, Eufrazia kando yake, akaketi kwenye kigoda. Msaidizi mmoja alimvua mtandio.

Hilari hakuwa amewahi kuona kichwa cha mama yake wazi mchana, mbele ya wanaume. Kilikuwa kidogo. Wembe ulipita haraka, bila maji, na mahali pawili ukachubua. Watoto wakacheka, mtu mmoja akawanyamazisha, akacheka na yeye.

"Mdhamini wake yupo?" mganga aliuliza.

"Ausi!" Jumbe aliita. "Ausi wa Kerege!"

Watu waligeuka huku na huku. Jumbe akaita tena. Mwanamume mmoja akasema kwamba amemwona Ausi asubuhi, yuko Kerege, tumbo limemshika. Minong'ono ikapita, ikawa makelele. Eufrazia akasema, "Mimi nitamdhamini," mganga akatikisa kichwa kwa huruma: si damu yake.

"Ana mtoto!" alipaza sauti mama wa yule mjukuu wa Jumbe. Alikuwa mbele kabisa, macho yamemvimba. "Ana mtoto wa kumzaa! Yule pale nyuma! Mbona anajificha? Mtoto wake mwenyewe anajua!"

Watu wakampisha, kama walivyompisha mkewe kisimani. Njia ilifunguka kutoka alipokuwa mpaka kwenye kigoda, naye akaipita. Aliivua kofia yake, akaivaa, akaivua tena. Alisikia mtu anasema, "Mtazame mwalimu," na mwingine, "Atajikojolea." Aliposimama mbele ya mama yake alitafuta maneno ya Injili, lile la msiogope, lile la mchungaji, na hakuna hata moja lililokuja.

"Mshike mkono," mganga alisema. "Sema, 'Huyu namjua, si mchawi.' Kisha mnywe."

"Mimi sinywi," Hilari alisema. "Dini yangu imenikataza."

"Basi sema tu," Jumbe aliingilia haraka, na sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Sema, mwalimu. Maneno tu. Tutaona."

Maneno tu! Na mama yake alikuwa amemwinulia uso, anangoja, hana shaka kabisa kwamba mwanawe atasema. Hilari alifungua kinywa. Angesema. Ingekuwa rahisi, na pengine Mungu angesamehe. Lakini jana tu alikuwa amemwambia Padri uongo kwa sauti nzuri, na uongo ule ulikuwa bado umemkaa kifuani, akahisi kwamba wa pili utamziba pumzi.

"Sijui," alisema.

"Nini?"

"Mimi sijui kama ni mchawi." Sauti ilikuwa nyembamba, lakini uwanja mzima ulikuwa umetulia na hakuna aliyekosa kusikia. "Agnesi alipokufa nilimshuku mama yangu. Nimemshuku mpaka leo. Nimefundisha watoto wenu kusali nami nikirudi nyumbani namwogopa mama aliyenizaa. Namwogopa sasa hivi. Mimi si mwalimu wa kitu." Akafuta uso kwa kiganja. "Lakini nimekuja. Kama ni mchawi, ni mama yangu. Mkimfukuza, natoka naye. Mkichoma nyumba, ni nyumba yangu. Mkimpiga, basi… mtaanza na mimi. Udhamini wangu ndio huo. Mwingine sina."

Hakuna aliyepiga kelele. Ilikuwa ajabu. Walikuwapo pale watu wazima waliomshuku shangazi, waliomshuku mke mwenza, waliomshuku baba, na hakuna aliyewahi kusema mbele ya mwenzake, "Namwogopa mtu wangu." Mwaija alitazama chini. Yule mama aliyefiwa alifunika uso kwa kanga.

Bi Chausiku hakuwatazama hao. Alikuwa anamtazama mwanawe, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. Matusi ya kijiji kizima yalikuwa yamempita kama upepo. Hili halikumpita.

"Unanishuku mimi?" aliuliza polepole. "Hilari? Kwa Agnesi?"

"Nisamehe, mama."

Mama yake aligeuka kwenye pipa, akanyoosha mkono kwa msaidizi. "Nipe kata."

"Mama, usinywe kwa ajili yangu," Hilari alisema.

"Wewe kwa leo huna tena la kuniambia."

Alikunywa yote bila kupumzika, akairudisha kata kinywa chini ili waone haina kitu. Kisha akasimama pale pale, mikono imeanguka, kichwa kinatoka damu kidogo, akangoja kupasuka. Watu wakangoja naye. Eufrazia akangoja, rozari imemkaza vidole. Na Hilari, Mungu amrehemu, alikuwa anamtazama mama yake tumbo, akihesabu pumzi zake. Inzi walikuwa wakizunguka pipa. Mtoto alilia, akanyonyeshwa.

Hapakutokea kitu.

Mganga Bwanaheri alikohoa. Alikuwa mtu mwerevu, aliona kwamba uwanja umepoa na hakuna mkono ulioinua fimbo. "Dawa yangu si ya haraka," alisema akikiingiza kioo mfukoni. "Inatembea ndani ya damu. Itamchunguza mwaka mzima. Mwaka ukiisha, mtajua."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Hilari alikuwa ametaka kujua, akaambiwa angoje mwaka. Jumbe Mwinyimvua alitangaza kwamba nyumba ya mwalimu isiguswe, lakini kwa kuwa si wote wa nyumba ile waliokunywa, mpaka mwaka huo uishe mtu asichote maji nyuma yao wala asiombe moto kwao. Kisha akamwita mtu mwingine kwenye wembe, bila kumtazama Hilari usoni.

*

Walirudi nyumbani watatu, kwa njia ya mashambani. Eufrazia alitangulia na kigoda, maana Bi Chausiku alikuwa amekuja na kigoda chake na hakutaka kiachwe kwa watu wale. Mzee alifuata, mtandio ameufunga upya lakini umelegea. Hilari alikuwa nyuma. Kesho Padri atakuja, na kesho itabidi amweleze yote, uongo wa barazani na ukweli wa uwanjani, na huenda kazi ya ualimu itaishia hapo. Hilo alilifikiri bila uchungu mwingi. Alikuwa na jingine mbele yake, na lilikuwa linatembea kwa taabu.

Kwenye mteremko wa bondeni, penye mizizi, Bi Chausiku alijikwaa. Hilari aliruka akanyoosha mkono.

"Usinishike," mama yake alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu. "Ngoja mwaka uishe kwanza."

Hilari alisimama na mkono wake hewani. Wazo lile lilikuwapo bado, halikuondoka uwanjani kama alivyotumaini, lilimwambia hata pale pale: je, kama ni kweli? Alimwona mama yake akitafuta mahali pa kuweka mguu, akikosa, akitafuta tena.

Hakungoja. Aliteremka akamshika mkono. Ulikuwa mgumu, na udongo wa jana bado umekauka kwenye mikunjo ya vidole. Mkono wa Hilari ulikuwa ukitetemeka hata mtu angeuona kwa mbali, na mama yake aliuhisi ukitetemeka, akajua ni kwa nini. Hakuuvuta wake, wala hakuukamata wa mwanawe. Waliteremka hivyo mpaka chini.